Msimbo F60.9 hatua kwa hatua: kuweka na kuandika tatizo la haiba lisilobainishwa

Maswali ya wanaoanza kuweka misimbo kwenye kliniki za afya ya akili ni yale yale. Daktari ameandika kwamba mgonjwa ana tatizo la haiba na hakutaja aina, niweke nini? Bima imerudisha dai lenye F60.9, nibadilishe? Orodha ya magonjwa ya zamani ina haiba ya bodalaini (*borderline*, haiba yenye hisia zisizotulia) lakini leo haikutajwa popote, niibebe? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu unapofungua faili hadi dai linapoondoka.

Nauandika kwa ajili yenu mnaofanya kazi chini ya mfumo wa Marekani, yaani ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika huko, iwe mmekaa Columbus au Houston, au mnazifanyia kliniki za huko mkiwa Nairobi. Mlioko kwenye hospitali zinazotumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO) mna sehemu yenu chini. Misimbo ya mifumo hii miwili inafanana kwa sura, lakini ukiingia ndani inaachana, na wengi wanateleza hapo.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. F60.9 ni msimbo halali kabisa. Unawekwa pale mtaalamu ameshaamua kwamba tatizo la haiba lipo, ila aina haijajulikana au hakuitaja. Haupo kwa ajili ya mgonjwa ambaye hatujajua ana nini, wala kwa ajili ya mgonjwa anayewachosha wafanyakazi. Ukishaingia kwenye faili, jina hilo linamfuata mtu hospitali hadi hospitali, na daktari wa zamu anayelisoma saa nane usiku anaweza kumtazama mgonjwa kwa jicho jingine kabla hajamsikiliza. Ndiyo maana nasisitiza uangalifu kuliko kasi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitabu au programu ya ICD-10-CM ya mwaka wa sasa. Mwaka wa misimbo Marekani huanza Oktoba 1, na mara nyingine kuna nyongeza Aprili 1. Kinachoamua toleo ni tarehe ya huduma, kwa hiyo hata ukiandika dai Oktoba 5 kwa huduma ya Septemba 28, unatumia toleo la zamani.
- Mwongozo rasmi wa matumizi ya misimbo hiyo, unaotoka kila mwaka pamoja nayo. Sehemu ya I ina kanuni za jumla, ya II na ya III ni za waliolazwa, ya IV ni ya wagonjwa wa nje.
- DSM-5-TR ya mwaka 2022, kitabu cha Marekani cha vigezo vya kutambua magonjwa ya akili, au angalau mtu wa kumuuliza aliye nayo. Huitumii kumpima mgonjwa. Unaitumia kuelewa daktari anasema nini.
- Maandishi kamili ya hudhurio lenyewe. Muhtasari peke yake, au orodha ya magonjwa peke yake, havitoshi.
- Njia rasmi ya kumwandikia daktari swali, yenye kuacha kumbukumbu. Kumuuliza kwenye korido hakuhesabiki.

Nadharia kidogo, ya kutosha kazi

Tatizo la haiba ni mwenendo wa muda mrefu wa namna mtu anavyojiona na kuwaona wengine, anavyohisi, anavyohusiana na watu na anavyozuia misukumo yake. DSM inataka mwenendo huo uonekane katika angalau mawili kati ya maeneo hayo manne, uwe umeachana wazi na matarajio ya utamaduni wa mtu mwenyewe, uwe umeota mizizi tangu ujana au mwanzo wa utu uzima, umletee mateso au uharibifu maishani, na usiwe unaelezeka vizuri zaidi kwa ugonjwa mwingine, dawa za kulevya au hali ya mwili.

Katika ICD-10-CM familia ya F60 imepangwa hivi: F60.0 ya kushuku watu, F60.1 skizoidi, F60.2 ya kutojali haki za wengine, F60.3 bodalaini, F60.4 ya kutaka kutazamwa, F60.5 ya ukamilifu uliopitiliza, F60.6 ya kukwepa watu, F60.7 tegemezi, F60.81 ya kujikweza, F60.89 aina nyingine zilizotajwa, na F60.9 isiyobainishwa. Skizotipu haimo humo. Iko F21, na usiitafute F60 ukapoteza asubuhi.

Hatua ya 1. Tafuta nani kaandika

Utambuzi lazima utoke kwa mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kuutoa: daktari, au mtaalamu mwingine ambaye leseni ya jimbo lake inamruhusu kutambua ugonjwa. Maneno ya muuguzi wa mapokezi kwamba "mgonjwa ana haiba ngumu" hayatoshi. Dodoso lililojazwa na mgonjwa na kutoa alama za juu halitoshi pia, mpaka mtaalamu aandike kwamba amelitazama na ameamua nini.

Hatua ya 2. Soma neno lililotangulia utambuzi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Faili limeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo macho yako yatafute maneno kama *probable*, *suspected*, *rule out*, *consistent with*, *working diagnosis*. Maneno hayo yanaonyesha kwamba daktari bado anashuku.

Kwa mgonjwa wa nje, kanuni ya Sehemu ya IV iko wazi: utambuzi wa kushuku hauwekewi msimbo. Unaweka dalili zilizoandikwa. Ikiwa daktari ameandika kwamba anashuku tatizo la haiba kwa mtu anayebadilika hisia ghafla na kufanya mambo bila kufikiri, misimbo yako ni R45.86 na R45.87. Hasira na kukasirika upesi ni R45.4. Mawazo ya kujiua ni R45.851. Kujiumiza bila nia ya kufa ni R45.88, na jeraha lenyewe nalo liwekewe msimbo wake kama limeandikwa. Hayo yakiwa ya zamani, Z91.51 ni historia ya kujaribu kujiua na Z91.52 ni historia ya kujiumiza bila nia hiyo.

Kwa aliyelazwa mambo yanageuka. Kama neno la kushuku bado limesimama kwenye maandishi ya mwisho wakati wa kuruhusiwa, Sehemu ya II inakuruhusu kuweka msimbo kana kwamba ugonjwa umethibitishwa, hospitali za magonjwa ya akili zikiwemo. Kanuni inaruhusu, lakini ushauri wangu ni kuuliza kwanza. Siku nne za kulazwa kwa mtu aliyekuja katikati ya tufani ya maisha yake ni muda mfupi mno wa kupima mwenendo wa miaka, na daktari akiulizwa vizuri mara nyingi hufafanua mwenyewe.

Neno jingine la hatari ni *traits*. Sifa za haiba hazijawa tatizo la haiba. Mtu anaweza kuwa na sifa mbili tatu za bodalaini bila kufikia kiwango cha ugonjwa, na daktari aliyechagua neno hilo mara nyingi alilichagua makusudi. "Cluster B traits", yaani sifa za kundi lenye bodalaini na wenzake, haikupi F60.3, wala F60.9. Uliza, au achana nayo.

Hatua ya 3. Anzia kwenye faharasa, malizia kwenye orodha kuu

Fungua faharasa kwenye *Personality* au *Disorder, personality*. Usipopata neno la ziada chini yake, utaangukia F60.9. Lakini shuka na orodha yote kabla ya kuridhika, kwa sababu maneno ya kawaida ya madaktari yana makao yake. *Explosive* na *emotionally unstable* yako F60.3. *Passive-aggressive* iko F60.89. *Affective* inakupeleka F34.0, nje ya familia kabisa. *Multiple* inakupeleka F44.81, ambayo ni hali ya kujitenga kwa nafsi, wala haihusiani na F60.

Kisha nenda kwenye orodha kuu usome msimbo wenyewe na maelezo yaliyo chini yake. Usiwahi kuweka msimbo kwa faharasa peke yake.

Hatua ya 4. Tofautisha F60.9, F60.89 na F69

F60.89 ni pale daktari *ametaja* aina au sababu, ila aina hiyo haina msimbo wake. Mfano ni pale alipoandika kwamba mgonjwa ana mchanganyiko wa sifa za aina kadhaa, hafikii vigezo kamili vya hata moja, lakini mchanganyiko huo unamletea madhara ya kweli. DSM-5 inaipa hali hiyo nafasi chini ya aina nyingine zilizotajwa.

F60.9 ni pale alipoishia kusema tatizo la haiba lipo bila kutoa sababu ya kutotaja aina, kwa mfano kwenye chumba cha dharura ambako taarifa hazitoshi.

F69 ni pana zaidi: matatizo ya haiba *na tabia* ya watu wazima yasiyobainishwa. Ikiwa daktari ametamka haiba, usiende F69. Wanaoanza huipenda kwa sababu inaonekana salama, kumbe inapunguza kilichoandikwa.

Hatua ya 5. Angalia kama kuna kinachochukua nafasi yake

Haiba iliyobadilika baada ya kuumia kichwa, kiharusi au ugonjwa mwingine wa ubongo ni F07.0, na ugonjwa wenyewe unatangulia kwenye dai. Tabia zinazoonekana wakati wa ulevi tu zinaelekea F10 hadi F19. Na usichanganye F60.5 na F42: anayenawa mikono mara thelathini kwa hofu ya uchafu (F42), na anayetaka kila kitu kazini kifanywe kwa utaratibu wake (F60.5), ni watu wawili tofauti kwenye kitabu hiki. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na yakiandikwa yote mawili unaweka yote mawili.

Kumbuka kwamba kuchagua kati ya haya ni kazi ya daktari. Wewe unaona dalili ya mgongano, unauliza.

Hatua ya 6. Uliza bila kumwekea daktari maneno mdomoni

Swali baya ni hili: "Je, mgonjwa ana bodalaini? Tukipata aina, dai litapita." Lina makosa mawili: linaelekeza jibu, na linataja pesa. Yote mawili yamekatazwa na kanuni za uandishi wa maswali zinazofuatwa na vyama vya taaluma hii, AHIMA na ACDIS.

Swali zuri utaliandika kwa Kiingereza, ila muundo wake uwe hivi:

*"Daktari, kwenye maandishi ya hudhurio la tarehe fulani umetaja tatizo la haiba. Maandishi hayo hayo yanaeleza: hofu ya kuachwa tangu umri wa miaka 16, mahusiano yanayovunjika kwa ghafla, kujikata mkono mara kadhaa mwaka uliopita. Tafadhali fafanua utambuzi kwa maoni yako ya kitaalamu: (a) tatizo la haiba la aina maalumu, itaje, (b) mchanganyiko wa sifa usiofikia aina moja, eleza, (c) tatizo la haiba ambalo aina yake haiwezi kubainishwa kwa sasa, (d) sifa za haiba bila tatizo la haiba, (e) mengineyo."*

Angalia (c). Lazima iwepo. Daktari akichagua hiyo, F60.9 yako imesimama kwa miguu miwili na huna haja ya kuuliza tena kwa hudhurio hilo.

Hatua ya 7. Hakikisha maandishi yanabeba msimbo

Ikiwa unafanya kazi karibu na madaktari, watakuuliza waandike nini. Waonyeshe tofauti. Maandishi dhaifu yanasema:

*"Mgonjwa msumbufu, anawachezea wauguzi, anadanganya. Tatizo la haiba."*

Maandishi yanayosimama:

*"Kwa maelezo yake na ya dada yake, tangu akiwa na miaka kama 17 amekuwa akivunja mahusiano ghafla anapohisi kupuuzwa, ameacha kazi tatu kwa ugomvi wa namna hiyo, na hasira humshuka ndani ya saa chache. Mwenendo huo ulikuwepo hata vipindi ambavyo hakuwa na sonona na hakuwa akinywa pombe. Nyumbani na kazini ameathirika. Nimeona vigezo vya jumla vya tatizo la haiba vimetimia. Aina siwezi kuibainisha leo. Nahitaji kikao na familia na faili la kliniki ya awali. Mpango: tathmini ya haiba kwenye hudhurio lijalo, tiba ya mazungumzo kila wiki, mpango wa usalama umejazwa."*

Ya pili ina muda, ina mtu wa pili aliyethibitisha, imetenga ulevi na sonona, imetaja madhara, imesema kwa nini aina haikutajwa, na ina mpango. Mkaguzi wa bima akiisoma hana pa kuuliza.

Ya kwanza ina hukumu tu. Tangu Aprili 2021, kanuni za serikali kuu ya Marekani dhidi ya kuzuia taarifa zimefanya wagonjwa wengi wasome maandishi yao kwenye simu, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mtu anayesoma kwamba yeye ni "msumbufu" harudi kliniki, na huenda ndiye aliyehitaji kurudi kuliko wote. Maelezo ya siri ya tiba ya mazungumzo, ambayo HIPAA, sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za afya, inayalinda kwa namna ya pekee yakiwekwa kando ya faili, yabaki kando; usiyavute kwenye faili kuu ili kutetea msimbo.

Kwa wagonjwa wetu wanaozungumza Kiswahili kuna jambo la kuongeza. Kigezo cha utamaduni kimo ndani ya utambuzi wenyewe, kwa hiyo kiandikwe. Mama aliyelelewa Kigoma au Bukavu asiyesaini karatasi ya matibabu mpaka ashauriane na shemeji yake anafuata adabu ya ukoo. Hiyo si haiba tegemezi. Aliyekaa miaka kambini Nyarugusu, akakimbia vita kabla ya hapo, na leo hamwamini mtu mwenye fomu mkononi, anastahili kuulizwa kwanza kuhusu kiwewe. Hapo daktari huenda akafikia F43.10, msongo wa baada ya kiwewe, kabla ya kufikiria F60.0. DSM ina mahojiano ya utamaduni yenye maswali 16. Daktari aliyeyatumia aandike kwamba ameyatumia. Ameandika kikao kilifanywa kupitia mkalimani? Vizuri. Mkalimani alikuwa mtoto wa mgonjwa mwenye miaka 12? Hilo nalo liandikwe, maana uzito wa historia yote unabadilika. Ugumu wa kuzoea nchi mpya una msimbo wake, Z60.3, na unaweza kuuweka hata kama umeandikwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii kwenye faili.

Hatua ya 8. Panga misimbo

Kwa mgonjwa wa nje, unaotangulia ni ule ulioleta huduma ya siku hiyo. Kama kikao kilikuwa cha sonona inayojirudia ya wastani na haiba ikatajwa kwa kuwa imebadilisha mpango wa tiba, F33.1 inatangulia, F60.9 inafuata. Kama haiba imetajwa kwenye historia tu na haikugusa chochote, iache.

Dalili ambazo ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa uliokwisha thibitishwa haziongezwi: ukishaweka F60.3, kubadilika kwa hisia hakuhitaji msimbo wake. Mawazo ya kujiua yaongeze, siku zote yakiandikwa kuwa yapo.

Hatua ya 9. Jaza dai

Kwenye CMS-1500, fomu ya dai la bima, misimbo ya magonjwa inaingia sanduku la 21, hadi 12, na kiashiria cha ICD ni 0. Nukta haiandikwi: F609. Kwenye sanduku la 24E unaunganisha kila huduma na herufi za magonjwa, zisizidi nne. Huduma nazo zina misimbo yake: tathmini ya kwanza ni 90791 bila huduma za kitabibu, au 90792 pamoja nazo. Tiba ya mazungumzo inafuata dakika: 90832 kwa dakika 16 hadi 37, 90834 kwa 38 hadi 52, 90837 kuanzia 53. Saa ya kuanza na ya kumaliza ziwepo kwenye maandishi.

Makosa yanayorudi kila mara

*Kunakili utambuzi wa zamani.* Programu nyingi zinavuta orodha ya magonjwa yenyewe. Ugonjwa unaoruhusiwa ni ule uliopo leo na uliohitaji au kuathiri huduma ya leo.

*Kupandisha daraja ili dai lipite.* Kubadilisha F60.9 kuwa F60.3 bila neno la daktari ni kudanganya mlipaji, na kwa bima za serikali ya Marekani hilo linaweza kuangukia sheria ya madai ya uongo. Hata bosi akikuomba kwa upole, kataa kwa maandishi.

*Kurekebisha ya nyuma.* Daktari akifikia F60.3 mwezi Juni, msimbo mpya unaanzia hapo. Madai ya Machi yanabaki na F60.9, kwa kuwa ndicho kilichojulikana Machi.

*Kusahau umri.* Kwa aliye chini ya miaka 18, DSM inataka mwenendo uwe umekuwepo angalau mwaka mmoja, na haiba ya kutojali haki za wengine haitolewi kabisa chini ya umri huo. Ukiona F60.2 kwa mtoto wa miaka 15, simama uulize.

Kwa mlio kwenye mfumo wa WHO

F60.9 mnayo, kwa maana ile ile. Tofauti ziko pembeni yake. Kwenu bodalaini ni F60.31, chini ya haiba yenye hisia zisizotulia. Marekani ni F60.3 basi. Haiba ya kujikweza kwenu imo ndani ya F60.8. Mchanganyiko mna F61, na mabadiliko ya kudumu ya haiba mna F62. Marekani hayo mawili hayapo kabisa. Z73.1 kwenu ni sifa za haiba zilizotiwa mkazo, yaani mna pa kuweka zile sifa ambazo hazijawa ugonjwa.

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, imevunja mpango wote huo. Aina zimeondolewa. Kinachopimwa ni ukali: 6D10.0 kidogo, 6D10.1 wastani, 6D10.2 mkali, na 6D10.Z pale ukali haukutajwa. Sifa zinaongezwa kwa 6D11, ambapo 6D11.5 ni mwenendo wa bodalaini. QE50.7 ni ugumu wa haiba usiofikia ugonjwa. Kwa hiyo swali mnalomwandikia daktari linabadilika: "aina gani?" inakuwa "ukali kiasi gani?" Kituo chako kikihamia huko, anzeni kuwazoesha madaktari neno hilo mapema.

Mambo yakikwama

*Dai limerudi, msimbo si sahihi.* Angalia kama umeandika F60.8 bila tarakimu ya tano, au F60.90 ambayo haipo, au F60.31 na F61 ulizozoea ulikosomea. Angalia na toleo la mwaka.

*Dai limerudi, hawaoni ulazima wa huduma.* Soma sera ya bima hiyo hiyo, maana kila moja ina yake. Kisha tazama kama ugonjwa ulioleta huduma umewekwa nyuma ya F60.9. Mpangilio ukiwa sawa, kata rufaa ukiambatisha maandishi ya hatua ya 7. Msimbo usiguswe.

*Madaktari wawili wametofautiana kwa mgonjwa aliyelazwa.* Mwandikie daktari mkuu anayemhudumia. Usichague wewe.

*Daktari hajibu swali lako.* Kama ameandika tatizo la haiba bila neno la kushuku, F60.9 inatosha na dai linaondoka. Kama ameandika kwa kushuku na mgonjwa ni wa nje, weka dalili. Swali lako libaki kwenye kumbukumbu.

*F60.9 imekaa mwaka mzima kwa mgonjwa yule yule anayeonwa kila wiki.* Hakuna kanuni ya muda, lakini mkaguzi atauliza, na mgonjwa naye ana haki ya kujua anatibiwa nini. Tuma swali jipya ukitaja tathmini zilizofanyika tangu mwanzo.

*Mgonjwa ameona jina hilo kwenye simu yake na anataka liondolewe.* Msikilize, usimwambie haiwezekani. HIPAA inampa haki ya kuomba marekebisho, na kituo kina siku 60 za kujibu, pamoja na nyongeza moja ya siku 30 akijulishwa sababu kwa maandishi. Ombi likikataliwa, anaweza kuweka maelezo yake ya kutokubali yakaambatana na faili. Mpe fomu, mwonyeshe pa kuipeleka, kisha mjulishe daktari siku hiyo hiyo ili azungumze naye yeye mwenyewe.